Sukari Katika Mimba ya Feza

Juzi mmoja wenu, mwanafunzi wa ukunga mwenye mikono mizuri na moyo wa kazi, alinijia mbio na simu yake. Alitaka nione picha. Mtoto mchanga, kilo tano na zaidi, mashavu yamejaa hadi macho hayaonekani, na chini yake wenzake wameandika pongezi kana kwamba mtoto yule ameshinda mechi. Nikamwuliza: sukari ya mama yake ilipimwa? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mbuzi wa jirani. Hakujua. Hakuna aliyepima. Mama alikwisha kurudi nyumbani na mtoto wake, na makofi yalikwisha kupigwa.

Nina hasira tangu siku hiyo. Naandika kabla haijapoa, maana ikipoa nitaanza kuwaandikia mambo ya adabu na nyinyi mtasoma mkisinzia.

Nimefanya kazi ya kuzalisha hapa Kindu tangu nikiwa msichana, wakati nchi inaitwa Zaire, kila mtu ni citoyen au citoyenne, yaani mwananchi, na beji ya Chama haitoki kifuani. Nilifundishwa kusikiliza moyo wa mtoto kwa kile kipembe cha mbao tulichokibandika tumboni na kukiinamia kwa sikio. Nilifundishwa kukata kitovu, kuchemsha vyombo, kushona. Sukari hakuna aliyenifundisha. Ugonjwa wa sukari uliitwa ugonjwa ya bakubwa: wa watu wa bia ya chupa, watu wa kupanda ndege kwenda Kinshasa. Mke wa mkulima wa Pangi au wa mchimbaji wa Kampene angeupata wapi, yeye anayetembea na kikapu mgongoni kutwa nzima? Ndivyo tulivyosema, na kwa kuwa tulisema hivyo hatukupima, na kwa kuwa hatukupima hatukuona, na kwa kuwa hatukuona tukasema tena kwamba haupo. Mpaka leo nikikumbuka mzunguko huo natamani kuvunja kitu.

Niliyajua haya kwa kujisomea. Daktari wetu, kijana aliyetoka masomoni karibuni, alikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa kisicho na jalada, nusu yake imeliwa na mchwa. Aliniachia nikisome saa ya chakula. Nilisoma na kamusi pembeni, mstari kwa mstari, na ukurasa ulioishia katika tundu la mchwa ulininyima usingizi kwa sababu sikujua sentensi iliishaje. Nawaambia ukweli, nilikuwa mwoga sana. Nilichemsha sindano, nikaitoa, nikawaza kama kweli maji yalichemka, nikairudisha. Nilihesabu alama za bomba la sindano kisha nikamwita mfagiaji wa wodi naye ahesabu. Wenzangu walinicheka. Mmoja alisema nikiolewa nitapima chumvi ya mboga kwa bomba. Sikuona aibu wakati huo na sioni sasa. Kama una hofu ya kukosea, usiitupe. Ipe kazi.

Basi msikie jambo la kwanza lililonitia hasira. Kila mwisho wa mwezi materniti yetu, wodi ya wazazi, ilichagua mtoto mzito kuliko wote waliozaliwa. Mama yake alipewa kitenge chenye picha za Chama na, nisikilizeni vizuri, kilo nzima ya sukari. Siku hizo sukari ilikuwa haionekani madukani, watu walikunywa chai kavu, kwa hiyo zawadi hiyo ilikuwa kubwa kweli. Tulipanga mstari, tukaimba, tukapiga makofi. Nami niliimba. Katika akina mama wale, ni wangapi waliohitaji kipimo na sisi tukawapa kilo?

Feza nilimjua katika mimba yake ya pili. Alikuwa binti wa wakulima wa Pangi, mnyamavu, ameolewa na Kalonji, fundi wa reli ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa amekwisha kufa, mnene. Wa pili kichwa kilitoka, mabega yakakwama, na tulipomtoa alikuwa amekwisha kufa. Tulimweka kwenye mzani kwa sababu ilikuwa kanuni kupima kila mtoto, hai au mfu. Mwenzangu akasoma, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba huyu angechukua kitenge. Feza alikuwa kitandani hatua chache kutoka pale. Alisikia. Aligeuza uso ukutani na hakuugeuza tena mpaka Kalonji alipokuja kumchukua.

Nyumbani walisema tumbo lake ni baya. Walianza kuzungumzia kumrudisha Pangi na kumtafutia Kalonji mke mwingine kutoka kwao Kasai. Alipopata mimba ya tatu, familia ilikubaliana: hii ndiyo ya mwisho. Mtoto akiishi, Feza anabaki. Asipoishi, anarudi kwao.

Alikuja kliniki ya wajawazito akiwa na tumbo kubwa kuliko miezi yake. Nilimwuliza maswali yale yale tunayomwuliza kila mtu, naye akajibu kwa kichwa, ndiyo, hapana. Kisha, alipokuwa anavaa viatu, akasema kama anayesimulia habari za jirani kwamba siku hizi anakunywa maji bila kukata kiu, na kwamba pale anapomwaga chombo chake cha usiku, asubuhi sisimizi wanajaa.

Nikamwambia avue viatu tena.

Hatukuwa na vipande vya karatasi vya kuchovya kama vyenu. Tulikuwa na dawa ya buluu ndani ya chupa. Unaweka kidogo kwenye kichupa chembamba cha kioo, unatia matone ya mkojo, unakishika kwa kibanio juu ya taa ya spiriti huku ukikitikisa, mdomo wa kichupa usiuelekeze usoni kwako wala kwa mtu, maana kinaruka. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, kuna kidogo. Njano, imezidi. Ikiwa nyekundu kama tofali lililochomwa, kaa chini. Ya Feza ilikuwa tofali.

Nilirudia. Tofali. Nikabadilisha kichupa, huenda kilioshwa vibaya. Tofali. Nikapima mkojo wangu mwenyewe ili nijue kama dawa imeharibika. Buluu safi. Ndipo nikaenda kwa daktari. Yeye alinikumbusha jambo ambalo nanyi mlishike: mjamzito anaweza kupitisha sukari kidogo kwenye mkojo na damu yake ikawa nzuri kabisa, na mwingine mkojo wake unaweza kuwa safi huku damu inaharibika. Mkojo unakugongea mlango tu. Damu ndiyo inayokwambia nani yuko nje. Akamtoa damu kabla hajala kitu, akaipeleka mwenyewe maabara. Jibu lilirudi kama nilivyohofia.

Nilimwambia Feza apunguze bukari, huo ugali wetu, na wali, aache chai ya sukari, aache maziwa mazito ya kopo. Aliitikia. Nikarudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi.

Sikujua kwamba Mamu Ngalula amefika. Huyu alikuwa mama yake Kalonji, amepanda treni kutoka Kasai siku nyingi, na mizigo ya unga wa mahindi, ili amlinde mkamwana wake mpaka ajifungue. Kwa akili yake, wale watoto wawili walikufa kwa sababu mama yao hakuwa na nguvu za kusukuma. Kwa hiyo alikuja kumpa nguvu. Uji wa mahindi wenye sukari asubuhi, bukari mlima mzima mchana, maziwa ya kopo jioni. Sukari aliitafuta kwa shida, kwa wafanyabiashara wa stesheni, akijinyima yeye. Mnaona? Mwanamke yule alikuwa anamuua mjukuu wake kwa upendo, na sisi tulioitwa wataalamu hatukuwa tumemwambia neno.

Feza alipoacha nusu ya sahani, siku ya kwanza Mamu aliondoa sahani akaiosha. Siku ya pili aliifunika ile sahani kwa kitambaa, akaenda nayo kwa wazee wa kanisa lao katika kambi ya reli. Kwao, na hata hapa kwetu, mke akirudisha chakula alichopikiwa na mama mkwe kwa mkono wake, amesema neno moja tu bila kufungua mdomo: wewe mchawi, umenitilia sumu. Kalonji akaitwa kutoka kazini. Feza akakalishwa katikati. Hawakumpiga wala kumtukana. Waliweka sahani mbele yake, na Feza, ili kumwosha mama mkwe wake mbele ya watu, alikula. Alikula ile iliyopoa, akaletewa nyingine ya moto, akaila yote, akalamba vidole ili waone. Watu wakaomba, wakatawanyika, amani imerudi.

Kesho yake alinieleza haya kwa maneno machache, na mkojo wake ulikuwa mwekundu kabla taa haijashika vizuri.

Niliwaka. Nilitaka kwenda kambini kumfokea kila mtu. Lakini kabla sijavua hata koti langu la kazi, Mamu alikuja mwenyewe. Aliingia uani pa kliniki na chungu kichwani, mwanamke mfupi, mnene wa mabega, akasimama mbele ya wajawazito wote waliokaa kwenye mabenchi. Akauliza ni nani kati yetu aliyemfundisha mkamwana wake kukataa chakula. Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Ni wewe?" akasema. "Kamutoto kama hii njo kananiita mulozi?"

"Mamu, sikusema vile."

"Ulimwambia asikule. Kwetu, muke akikatala sahani ya mama-mukwe, anasema nini? Sema, wewe mwenye kusoma."

Akatua chungu, akafunua. Ulikuwa uji wa mahindi, mzito, wenye sukari ya kutosha harusi.

"Kula," akasema. "Mimi nitakula, na Feza atakula, na wewe utakula. Kama iko sumu tutakufa wote watatu, na vitanda viko hapa hapa."

Mjamzito mmoja akasema kutoka kwenye benchi kwamba kama kuna cha kubaki, hata yeye yuko tayari kufa kidogo. Watu wakacheka, lakini Mamu hakucheka. Nilijua Feza hapaswi kula uji ule. Nilijua pia kwamba akikataa mbele ya benchi zima, mimba ile imekwisha kabla ya mwezi wake, kwa kuwa jioni ile ile atapandishwa gari la Pangi. Nikamtazama daktari aliyekuwa amesimama mlangoni. Akaitikia kwa kichwa: bakuli moja, kisha tupime. Tukala watatu kutoka chungu kimoja. Uji ulikuwa mtamu sana. Hilo lazima niliseme.

Nikawaomba wote wawili wasiondoke. Nilimaliza wajawazito wengine, kisha nikatoa vichupa vitatu. Mkojo wangu, mkojo wa Mamu, mkojo wa Feza. Mamu alisimama karibu nami hata nikasikia pumzi yake shingoni. Cha kwanza, changu: buluu. Cha pili, chake: buluu. Cha tatu kilianza kuchafuka, kikawa njano, kikawa tofali.

Alisema nimebadilisha. Nikampa kibanio. Alishika mwenyewe, akatia matone mwenyewe, huku akinifokea nisiguse, na mara mbili alikaribia kuunguza kidole. Rangi zikatoka zile zile.

"Hii nyekundu njo ya Feza?"

"Njo ya Feza."

"Na chungu ni moja."

"Chungu ni moja, Mamu. Chakula yako haina kosa. Mwili yangu na yako inaichoma. Ya Feza, akiwa na mimba, inashindwa. Sukari inabaki mu damu, inapita kwa mutoto, mutoto ananenepa, halafu anashindwa kutoka."

Alikaa kwenye benchi. Walimpisha. Alitazama vile vichupa, kisha akamtazama Feza, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa.

"Basi tumbo yake haiko mubaya."

"Haiko mubaya."

"Na sisi tulikuwa tunamurudisha kwao."

Nisikilizeni hapa, kwa sababu ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Watoto wawili walikuwa wamezikwa. Mwanamke alikuwa ameitwa tumbo baya na watu waliompenda. Na kilichohitajika kuwaonyesha ukweli kilikuwa taa ya spiriti na dawa iliyokaa kwenye kabati letu miaka yote, tukiitumia kwa mikojo ya wakubwa walipokuja kupimwa. Hatukukosa dawa wala taa. Tulikosa kufikiri kwamba Feza naye ni mtu wa kupimwa.

Mnaniuliza mimba inafanyaje hivyo. Kondo la mtoto, lile tunalolitoa baada ya yeye kuzaliwa, linatoa vitu vinavyouzuia mwili wa mama kutumia sukari vizuri, na kadiri linavyokua linazidi kuzuia. Mwili wa wanawake wengi unaongeza nguvu na kushinda. Wa baadhi unashindwa. Si kwa uvivu wala ulafi, na si lazima awe mnene. Wengi hawasikii kiu wala hawaoni sisimizi. Kwa hiyo usingoje dalili. Mimba ikifika katikati, pima damu. Aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa, aliyepoteza mtoto bila sababu, mwenye ndugu wa ugonjwa huo, mpime mapema, tangu siku ya kwanza anapokuja.

Tangu siku ile Mamu alikuwa askari. Bukari ikawa ya ngumi moja, ngumi ya Feza na si ya Kalonji, na nusu ya sahani ikawa sombe, majani ya muhogo, au matembele, na kando samaki au maharagwe. Alimgawia chakula mara nyingi kidogo kidogo badala ya mlima mmoja. Baada ya kula walitembea wote wawili mpaka mashamba ya Mikelenge na kurudi. Majirani wa kambini walimcheka kwamba amechoka kumlisha mkamwana. Alizidisha, kama watu wa moyo wanavyozidisha: alimnyang'anya hata ndizi moja, hata kipande cha papai, mpaka ikabidi nimkemee. Msimnyime mjamzito chakula. Akishinda na njaa mwili unachoma mafuta, damu inachafuka kwa njia nyingine. Tunapanga chakula, hatukifungii kabatini.

Rangi ilishuka kutoka tofali hadi njano, ikagoma hapo. Daktari akasema chakula na matembezi vimefanya kazi yao, sasa anahitaji insulini. Mtunza dawa akajibu kwamba chupa zipo, lakini zimewekwa kwa ajili ya mukubwa mmoja aliyekuwa safarini. Zilikuwa zimekaa kwenye friji zikimngoja mtu ambaye hakuna aliyejua atarudi lini. Nilisikia mashavu yanawaka. Daktari hakupaza sauti. Alifungua friji, akachukua chupa moja, akasema mukubwa akirudi amwulize yeye. Alipotoka alisahau kuifunga friji, nikaifunga mimi, nami nikampenda kwa ujasiri ule.

Umeme kambini ulikuwa wa kubahatisha. Chupa tuliiweka ndani ya chungu kidogo, chungu kile ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini. Mamu aliumwagia maji mchanga ule kama anayenywesha mche. Nilipita asubuhi kwao kumchoma Feza, na kila asubuhi nilisoma alama za bomba, nikamsomesha Kalonji, ambaye kwa kuwa ni fundi alizisoma vizuri kuliko mimi.

Asubuhi moja nilimchoma kama kawaida. Mamu alikuwa ameitwa salongo, kufyeka majani barabarani na wanawake wa mtaa, na aliyekosa aliandikwa. Alikuwa ameahidi kurudi mapema kupika. Hakuruhusiwa kurudi. Feza, binti mwenye adabu, aliona vibaya kugusa jiko la mama mkwe wake bila ruhusa, akangoja. Nilisahau mkoba wangu kwao, nikarudi, nikamkuta ameketi sakafuni, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, ananijibu mambo nisiyomwuliza. Nikapekua chumba kizima mpaka nikapata sukari iliyofungwa kwenye karatasi nyuma ya sanduku. Nikaikoroga kwenye maji, nikamnywesha. Alikuwa anarudiwa na rangi yake Mamu alipoingia na panga lake la salongo mkononi, akaniona nimeshika kikombe na karatasi ya sukari.

Sitaandika yote aliyoniambia. Kwa ufupi, alisema mimi ni mwizi na mwongo, nimekataza sukari ili niile mwenyewe. Ilibidi Feza aliye sakafuni amweleze. Baada ya hapo Mamu alitembea na sukari ndani ya pindo la kitenge chake. Nanyi mfanye hivyo: mgonjwa akichomwa insulini ni lazima ale, na mtu wa nyumbani ajue jasho lile na mtetemo ule maana yake nini. Na mtindo huu wa kumkamatisha mwanamke panga barabarani wakati nyumbani kuna mgonjwa anamtegemea, sijausamehe.

Daktari hakutaka mimba ipitilize. Miezi ilipotimia alimlaza Feza hospitali na kumwanzishia uchungu, kukiwa mchana na watu wa kutosha. Mabega yalisita. Tulimkunja Feza mapaja kuelekea kifuani, nikabonyeza juu ya mfupa wa kinena kama daktari alivyoniagiza, na mtoto akateleza. Msichana. Alilia mara moja. Mzani ulisema kilo tatu na nusu, na nilimwomba mwenzangu ausome tena, kisha nikausoma mwenyewe.

Lakini nilijua kwamba kazi haijaisha. Mtoto wa mama mwenye sukari amezoea tumboni kupata sukari nyingi, na mwili wake umejifunza kuichoma haraka. Kitovu kikikatwa, sukari inakoma kuja, ila mwili unaendelea kuchoma. Ndani ya muda mfupi anaweza kulegea, kutetemeka, kupoa, kufa mikononi mwa watu wanaoshangilia. Anapaswa kunyonya mara moja, akiwa ngozi kwa ngozi na mama yake.

Mtoto alianza kutetemeka kidevu. Nilisema apewe ziwa sasa hivi. Mamu akamkumbatia mjukuu wake, akanigeuzia mgongo. Maziwa ya kwanza yale, ya njano, kwao ni uchafu wa mimba. Yanakamuliwa na kumwagwa, na mtoto anangoja meupe. Alikuwa amenitii miezi yote, akasema, na sasa amefika mwisho. Kumnywesha uchafu mtoto aliyengojwa hivi, hapana. Nikamshika mkono. Akauvuta. Nilimwambia atamuua. Akaniambia mimi sijazaa hata mmoja. Daktari alikuwa ameitwa kwa mgonjwa mwingine. Tulikuwa tunavutana, mimi nikilia kwa hasira na yeye akilia kwa hofu, juu ya mtoto wa mtu.

"Munipe mutoto."

Hatukusikia mara ya kwanza. Feza alirudia, naye alikuwa ameinuka kitandani kwa kiwiko kimoja, damu bado inamtoka.

"Mamu. Na wewe pia, mama munganga. Hii tumbo mulishindania tangu mwanzo. Mumoja anasema kula, mumoja anasema wacha. Nilikula, niliacha. Sasa huyu njo wangu. Munipe."

Mamu alimpa. Feza alimlaza kifuani pake, akamfunika kwa kitenge, akamshikisha ziwa bila kuniuliza kama anafanya sawasawa. Mtoto alitafuta, akakosa, akatafuta tena, akashika. Nilisimama nikitazama kidevu kile. Kilitetemeka, kikatetemeka kidogo, kikaacha. Midomo ikawa na rangi. Tuliendelea kumnyonyesha kila aliposinzia, siku ile na iliyofuata, na mtetemo haukurudi. Wiki kadhaa baadaye nilimpima Feza tena, kama mnavyopaswa kumpima kila mmoja wao kabla hamjamwachia, kwa maana sukari hii huondoka na kondo lakini huijua njia ya kurudi, katika mimba nyingine au uzeeni. Damu yake ilikuwa safi, na hakuna aliyetamka tena neno Pangi isipokuwa kwa kwenda kusalimia.

Lakini nataka niishie pale chumbani. Mtoto alipolala, Mamu alijipangusa uso kwa pindo la kitenge, akavuta kigoda karibu na kitanda. Akakohoa. Aliuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mgeni anayebisha hodi.

"Feza. Utakula nini?"

Nilishtuka, kwa sababu niligundua kwamba miezi ile yote, kwa vitabu vyangu na vichupa vyangu, nami sikuwa nimeuliza.

Feza alifikiri. Hakuharakisha.

"Samaki mubichi ya kuchemsha," akasema, "na pilipili mingi. Na mutoke inje wote wawili. Nataka kukula bila mutu kunitazama."

Mamu akafunga kitenge chake vizuri, akaenda kutafuta samaki. Mimi nilikaa nje ya mlango, nikangoja kuitwa.